Mistari Sita ya Daktari

Kazini walimwita Rula, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alipewa na wakata karatasi aliowaumbua. Mkataji akileta rimu na kuapa kwamba imenyooka, dada yangu alikuwa anainamisha kichwa, anafumba jicho moja, anasema, "Imekwenda upande, milimita mbili." Wakileta rula yenyewe, inakuta milimita mbili.

Aliendesha mashine kubwa ya kuchapa kwa miaka kumi na minne. Mimi ni mdogo wake, na nilikuwa chumba cha pili, kwenye meza ya kujalidi, nakunja kurasa na kushona vitabu. Kati yetu palikuwa na mlango mmoja. Kila ulipofunguliwa nilikohoa, naye alinicheka, "Wewe pua yako ya kitajiri."

Chumba chake kilikuwa na madirisha matatu, na yote yalikuwa yamezibwa kwa mbao zilizokazwa kwa skrubu. Ilikuwa amri ya meneja: upepo unapeperusha karatasi, vumbi linaingia kwenye wino. Kwa hiyo taa ziliwaka tangu asubuhi, na mtu wa humo ndani hakujua kama nje kuna jua au mvua mpaka saa ya kutoka. Kila rangi ilipobadilishwa, rola zilibidi zioshwe. Unamimina dawa ya kuoshea kwenye tambara, unasugua rola mpaka ing'ae, unatupa tambara kwenye ndoo. Ndoo haikuwa na kifuniko. Siku ya kazi nyingi dada aliosha mara saba, mara nane, akarudi nyumbani nywele zinanuka dawa hata baada ya kuoga.

Siku mambo yalipoanza, walikuwa wanachapa majalada mekundu ya madaftari ya shule. Dada alichukua jalada moja, akafumba jicho la kulia kama kawaida yake, akaona wekundu umepauka kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Akaongeza wino. Akatazama tena, bado. Akaongeza tena. Mwenzake wa mashine alimwambia, "Rula, hii sasa imekuwa damu," naye akamjibu atafute miwani. Majalada elfu nne yalitoka mazito, yanagandana, yanachafua mikono. Ndipo akafumba jicho la kushoto badala ya la kulia, akaona alichokifanya.

Alikuja mezani kwangu akiwa na jalada mkononi. "Mdogo wangu, hii ni rangi gani?"

"Nyekundu. Nyekundu kupita kiasi."

"Jicho hili linaniambia ni ya waridi," alisema, na nikamwona mara ya kwanza maishani mwangu anaogopa.

Meneja alimpa barua ya onyo kwa uzembe. Duka la miwani likampa miwani. Jicho lilimuuma kila alipoligeuza, kwa wiki tatu, kisha likarudi lenyewe, karibu sawasawa, naye akaiweka miwani kwenye droo na tukasema yameisha. Miezi mitano baadaye miguu ikaanza. Ganzi ilimpanda kutoka kwenye nyayo mpaka kiunoni. Alisema anahisi kama amevaa soksi zilizolowa. Alianza kuangusha vitu. Alichoka uchovu ambao haukufanana na uchovu: aliweza kuamka asubuhi, akakaa kitandani, akashindwa kuvaa kiatu cha pili. Joto la chumba cha mashine likawa linammaliza kabisa.

Watu hawakukosa la kusema. Kazini walisema Rula amezeeka kabla ya wakati. Mama mkwe wake, aliyekuwa akikaa nao, alisema wanawake wa siku hizi wanajua kuugua. Mumewe, shemeji yangu, alisema ni mawazo. Yeye ni fundi wa redio na televisheni, anafanyia kazi pale pale sebuleni, mgongo kwenye dirisha ambalo halifunguliwi kwa sababu vumbi linaharibu vifaa. Kutwa nzima ana bisibisi mkononi na sigara mdomoni. Akimaliza moja anawashia nyingine kwa moto wa ile inayokufa, wala haoni kama amefanya jambo.

Ilituchukua hospitali tatu. Ya kwanza ilimpa vitamini, ya pili ikampa dawa ya baridi yabisi. Ya tatu ilikuwa na daktari wa neva, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliyemlaza dada ndani ya bomba la picha linalogonga kama fundi wa mabati, kisha akamchoma sindano ya mgongo kuchukua maji. Siku ya majibu nilikuwepo.

"Mama, ugonjwa wako una jina refu," daktari alisema. "Kinga ya mwili wako, ile inayopaswa kupigana na vijidudu, imegeuka na kushambulia ganda la neva zako, kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ganda likiliwa, habari hazifiki vizuri. Ndiyo maana jicho lilikudanganya, ndiyo maana miguu inakufa ganzi. Hauui haraka, wala hauambukizi, wala hujalogwa. Dawa ya kuupunguza kasi ipo. Ya kuuondoa kabisa, bado."

Dada hakulia. Aliuliza swali la fundi: "Mwili umeharibikia wapi? Nini kiliuanzisha ugonjwa huu?"

Daktari akaanza kuuliza. Unavuta sigara? Hapana. Nani anavuta nyumbani? Mume wangu. Ndani au nje? Ndani. Unafanya kazi gani, unashika nini, chumba kina hewa? Unapata jua? Ulipokuwa msichana uliwahi kuugua homa iliyovimbisha tezi za shingo? Ulikuwa mnene? Uliwahi kufanya kazi za usiku kabla ya kutimiza miaka ishirini? Dada alijibu moja moja. Homa ya tezi ndiyo, nilimkumbusha mimi; alilala wiki mbili, shingo imejaa. Unene hapana, dada yangu hajawahi kunenepa hata kwa bahati mbaya. Kazi za usiku ndiyo. Kiwanda kilimwajiri akiwa na miaka kumi na saba, zamu ya usiku, miaka miwili mfululizo.

"Sasa nisikilize vizuri," daktari akasema. "Hayo yote watafiti wameyaona yakiongozana na ugonjwa huu. Lakini kuongozana si kusababisha kwa kila mtu. Kuna wenye yote hayo na hawaugui, na kuna wanaougua bila hata moja. Na kuna asili ya mwili ambayo hakuna aliyeichagua. Kwako wewe siwezi kukwambia ni kipi. Wala sitaki uende nyumbani ukajilaumu."

"Niandikie, dokta. Kichwa changu siku hizi hakishiki."

Daktari akaandika mistari sita kwenye karatasi: homa ya tezi ujanani; moshi wa sigara, wako au wa mwenzako; mvuke wa dawa za kuyeyushia wino na rangi; upungufu wa jua; unene mkubwa utotoni na ujanani; kazi za usiku katika umri mdogo. Chini yake akaandika sentensi moja na kuipigia mstari: *Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoweza kutajwa kuwa ndicho chanzo kwa mgonjwa mmoja.* Halafu akaandika barua nyingine ya kazini, kwamba mgonjwa aondolewe kwenye mvuke na joto.

Ninasema mbele ya Mungu, sentensi ile ya chini, iliyopigiwa mstari, hakuna aliyeisoma.

Wa kwanza kuipata karatasi alikuwa mama mkwe. Tulikuwa sebuleni, dada amejilaza kwenye kochi kwa uchovu wa hospitali, macho amefumba. Bibi yule hasomi vizuri, akamwambia mwanawe amsomee. Shemeji akaweka sigara kwenye kisahani, akasoma.

"Homa ya tezi ujanani." Macho yakashuka chini ya ukurasa. "Upungufu wa jua."

"Ehee!" mama mkwe akapiga paja. "Mimi nilisema toka zamani. Mwanamke gani anatembea na mwavuli kiangazi kama bibi harusi? Jua la Mungu la bure, yeye analikimbia!"

"Na unene," shemeji akaongeza.

"Na unene! Kwao si wote ni wanene?"

Nilijitazama, nikatazama mkono wangu, nikaona kweli mimi ninao kidogo. Lakini kabla sijafungua mdomo, dada alisema kutoka kwenye kochi, bila kufumbua macho, "Umeruka."

"Nimeruka nini?"

"Soma wa pili."

"Wa pili nimeuona."

"Sikusema uuone. Umsomee mama."

Shemeji akaishika karatasi kama inamuunguza. Moshi wa ile sigara ya kwenye kisahani ulikuwa unapanda wima, umenyooka, unafika darini unatawanyika. "Moshi wa sigara," alisema polepole. "Wako au wa mwenzako."

Mama mkwe akatafuta kitu kwenye mkoba wake, na sijui hata leo kama alikipata.

"Miaka kumi na moja nalala na moshi wako," dada akasema. "Nikifungua dirisha, redio za watu zitaingia vumbi. Nikisema, naambiwa nina mdomo. Sikuambii wewe ndiye uliyeniuguza, daktari amesema hajui, na mimi sijui. Lakini kunisomea jua na unene, ukaruka wako, na mimi nimelala hapa nasikia? Una roho ya chuma."

Shemeji aliinuka, akaichukua ile sigara, akatoka nayo nje. Tangu siku hiyo hajavuta ndani. Hakuacha, wapo watakaotaka niseme aliacha, lakini hakuacha. Anavutia kwenye ngazi, mvua ikinyesha anasimama na mfuko wa plastiki kichwani, na mama yake akimhurumia, dada anasema, "Mwache, yeye si sukari, hatayeyuka."

Hayo ya nyumbani yalikuwa na afadhali, kwa sababu nyumbani mtu unaweza kumwambia mtu. Ya kazini ndiyo yaliyonichemsha damu.

Dada alitia barua ya daktari na ile karatasi ya mistari sita kwenye bahasha moja. Nilimwambia, "Dada, hii ya pili si yao. Wape barua tu."

"Sina cha kuficha," akajibu. "Waone nao."

Meneja alituita wote wawili, dada kwa sababu ndiye mwenye shida, mimi kwa sababu dada alikuwa anaanza kutembea kwa fimbo na nilimshika mkono. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, na ilikuwa na madirisha mawili makubwa yaliyo wazi, mapazia yanacheza. Nilivuta hewa mpaka nikaona aibu.

"Pole sana, dada," alisema. "Nimesoma kwa makini. Hapa naona sigara. Mumeo anavuta, eti? Namwona anapokuja kukuchukua. Halafu naona jua. Sasa jua, dada yangu, hilo lipo kila Jumapili, kiwanda hakikukatazi. Na homa ya tezi ya ujanani. Kwa hiyo kama unavyoona, haya ni mambo ya mtindo wa maisha."

Akasukuma karatasi nyingine mezani. Ilikuwa imeshachapwa, tena kwa mashine yetu, niliitambua herufi. Dada alitakiwa kusaini kwamba anaacha kazi kwa hiari yake, kwa sababu za kiafya zisizohusiana na ajira.

"Mstari wa tatu umeusoma?" dada akauliza.

"Dawa ile tunayotumia imeruhusiwa."

"Sijauliza kama imeruhusiwa. Na wa sita? Nani aliniweka usiku nikiwa na miaka kumi na saba?"

"Sikuwepo mimi wakati huo," meneja akasema, na kwa mara ya kwanza alisema kweli.

Nyani haoni kundule, wahenga walimaliza. Mume alisoma mstari wa jua, bosi akasoma mstari wa mume. Kila mmoja aliokota kosa la mwenzake akalipachika kwa dada yangu, ambaye yeye peke yake hakuwa na mstari wake pale. Maana niambie, ni lipi kati ya hayo sita alilolichagua? Homa? Moshi wa mwanamume? Zamu ya usiku aliyopewa na watu wazima waliojua umri wake? Hata jua, ambalo mama mkwe aliling'ang'ania: mtu anayeingia chumba chenye madirisha ya mbao asubuhi na kutoka jioni, hilo jua alikimbie saa ngapi?

Dada hakusaini. Aliikunja ile karatasi mara mbili, kingo zikalingana, akaiacha mezani.

Wiki iliyofuata likabandikwa tangazo: Siku ya Afya kwa Wafanyakazi, *Afya Yako Iko Mikononi Mwako*. Tulikusanywa kwenye ghala la karatasi, tukakaa juu ya marimu. Meneja alikuwa amemleta mtaalamu wa afya, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alizungumza vizuri tu: chumvi, mazoezi, maji, usingizi. Kisha meneja akasimama kumshukuru, na kumshukuru huko kukawa kurefu.

"Tumeona mfano hapa hapa," alisema. "Sitamtaja mtu. Mwenzetu ameugua ugonjwa mzito, na daktari mwenyewe ameandika kwamba unatokana na mtindo wa maisha. Basi tujifunze. Tusingoje kulaumu wengine."

Watu sitini waligeuka wakamtazama dada. Hakumtaja mtu, kweli. Angetaja kungekuwa na tofauti gani?

Nilitaka kusimama, lakini dada alinikalisha kwa kuniegemea begani ili asimame yeye. Ilimchukua muda. Ghala zima lilisubiri fimbo yake ikae sawa sakafuni.

"Nina swali kwa mtaalamu," alisema. "Mtu akiosha rola mara nane kwa siku, kwa dawa inayopanda kichwani, ndani ya chumba ambacho madirisha yake matatu yamezibwa kwa mbao, huo ni mtindo wa maisha wa nani?"

Kicheko kilianzia nyuma, kwa wakata karatasi, wale wale aliowaumbua miaka yote. Kikafa haraka, kwa sababu yeye hakucheka.

"Sikusema kazi ndiyo iliyoniuguza," akaendelea. "Daktari hajui, na mimi sijui. Lakini na wewe, meneja, hujui kwamba siyo. Daktari hakuandika 'mtindo wa maisha.' Aliandika mambo sita, na chini yake akaandika kwamba hakuna hata kimoja kinachoweza kutajwa kuwa ndicho chanzo. Wewe umesoma wapi? Ugonjwa ni wangu, nitaubeba. Ila usinibebeshe na madirisha yako."

Mtaalamu alivaa miwani. "Madirisha yamezibwa?" aliuliza.

"Kwa muda," meneja akasema. "Feni ya kutolea hewa tumeshaagiza. Iko njiani."

"Miaka minne iko njiani," mwenzake dada wa mashine akadakia. "Ingekuwa inakuja kwa miguu ingeshafika."

"Naomba nikaone," mtaalamu akasema.

Meneja hakuwa na namna. Tulimfuata wote, tukasongamana mlangoni. Yule mama aliingia hatua nne, akasimama karibu na ndoo ya matambara, akaanza kukohoa. Macho yakamjaa machozi. Alitoka anafuta miwani, akasema kwa sauti iliyokwama, "Hapa mtu anakaa kwa saa ngapi kwa siku?"

"Kumi," tukamjibu kwa pamoja.

Sikumbuki niliamua nini. Nakumbuka nilikwenda kwenye kabati la vifaa nikachukua bisibisi kubwa, nikapanda juu ya kreti, nikaanza na skrubu ya kwanza. Ilikuwa imeshika kutu. Meneja aliniita kwa jina langu kamili, mara mbili, kisha akataja kazi yangu, kisha akataja polisi. Mkataji mmoja akaleta bisibisi ya pili. Ubao wa kwanza ulipodondoka, vumbi la miaka lilituangukia, na mwanga ukaingia ukapiga mashine, na tukaona jinsi ilivyokuwa chafu mashine tuliyodhani tunaitunza.

Hakuna aliyerudi kazini siku hiyo mpaka dirisha la tatu likafunguliwa.

Nilipewa barua ya onyo la mwisho, ninayo. Mtaalamu naye aliandika yake, akaipeleka kwa wakaguzi wa kazi, na wakaguzi walikuja baada ya wiki tano na daftari na vipimo. Feni ikapatikana ndani ya siku tisa. Ndoo ikapata kifuniko, glovu zikaja, dawa ikabadilishwa na nyingine isiyonuka sana. Karatasi hazikupeperuka, ziliwekewa vyuma juu, basi, kitu ambacho mtoto wa darasa la pili angekifikiria.

Dada hakurudi kwenye mashine. Miguu haikumruhusu, na jicho lake haliamini tena rangi. Wakaguzi walisema apewe kazi nyingine, akapewa meza ya mapokezi, karibu na mlango wa mbele, anapokea oda za wateja nusu siku. Kila baada ya wiki kadhaa anakwenda hospitali kuwekewa dripu. Kuna siku anatembea vizuri, kuna siku fimbo haitoshi namshika. Hakuna aliyemwambia samahani, si meneja, si kiwanda. Barua ya uzembe ya yale majalada mekundu bado imo kwenye faili lake. Tuliomba iondolewe, tukajibiwa kwamba faili ni faili.

Yeye husema nipunguze hasira, zitanipandisha presha. Namwambia presha nayo wataiita mtindo wa maisha.

Juzi katibu wa meneja alishuka na ujumbe. Siku ya Afya inakuja tena. Meneja anamwomba dada asimame mbele ya wafanyakazi atoe ushuhuda, namna ya kuishi kwa matumaini na ugonjwa, watu wahamasike. Watapiga picha kwa ajili ya kalenda ya kiwanda.

Nilikuwa nimemletea chai, nikasimama pale nikiwa na kikombe, nasubiri. Dada alikuwa anamwandikia mteja oda ya kadi za mwaliko. Hakuinua kichwa mara moja. Alimaliza kuandika, akampa mteja nakala.

"Mwambie nina kazi," alisema, akamgeukia aliyefuata kwenye foleni. "Karibu, baba. Unachapa nini?"